Sauti na Kiitikio: Hukwe Zawose, Sahani za Santuri na Habari ya Mauti katika Ugogo

Mtaalamu wa fasihi ya Kiswahili atakaye mfano wa mtu mmoja aliyeikabili mauti kwa utungo mmoja hana haja ya kwenda mbali. Anayo Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 19, ambamo mshairi auonya moyo wake mwenyewe kwa kuutazamisha fahari ya Pate iliyogeuka magofu. Anao pia Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, ambao mama alimwachia binti yake kama wasia, yapata miaka miwili kabla ya kufariki kwake. Katika tungo hizi msemaji ni mmoja, wazo ni moja, na utungo wote tangu mwanzo hata mwisho umefungwa na wazo hilo. Siku hizi mwanamuziki akitoa albamu yake ya kwanza, nayo nyimbo zake zote zikawa zahusu kufa, wasifu wake humtaja kana kwamba amezua jambo jipya. Walakini kwa mtu wa pwani jambo hilo ni la kale.

Katika makala haya nakusudia kuliuliza swali hilo kwa upande wa bara, na hasa kwa upande wa Ugogo, nchi ya uwanda wa juu wa kati ambao mji wake mkuu ni Dodoma. Mwanamuziki wa huko aliyejulikana ulimwenguni kuliko wote wa kizazi chake ni Hukwe Ubi Zawose, ambaye sauti yake imehifadhiwa katika sahani za santuri zilizotolewa kwa jina lake huko Ulaya na Japani. Je, sahani hizo zilimfanya awe mtu wa kusema peke yake mbele ya mauti, kama alivyosema Sayyid Abdallah? Au desturi ya muziki wa kwao ilikuwa na jibu jingine? Nitajaribu kuonyesha kwamba jibu jingine lilikuwapo, nalo ni kiitikio. Na ya kuwa jibu hilo lina maana kwa kazi yetu sisi tunaochunguza lugha.

Kwanza yafaa tuitazame nchi yenyewe. Mvua ya Ugogo ni ya msimu mmoja, tangu Desemba hata Aprili, na katika pande za Dodoma wastani wake ni kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka. Mvua ikichelewa au ikakatika mapema, mtama na uwele hukauka, na ng'ombe hupungua. Katika nchi ya namna hii mauti mara nyingi hayamwendei mtu mmoja mmoja, bali huwaendea wengi kwa pamoja, na kumbukumbu ya watu hushika majina ya njaa kama vile kumbukumbu ya watu wa mahali pengine ishikavyo majina ya wafalme. Njaa iliyokuwa kubwa kuliko zote katika karne iliyopita ni ile iitwayo Mtunya, ya miaka ya 1917 hata 1920. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Kisha mvua ikakosekana. Mwanahistoria Gregory Maddox, katika uchunguzi alioutoa mwaka 1990, amekadiria kuwa watu 30,000 katika watu 150,000 wa nchi ile walikufa. Hiyo ni sawa na mmoja katika kila watano.

Katika mwaka ule ule wa 1917 ndipo alipozaliwa Mathias Mnyampala, ambaye kitabu chake Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, kilichotoka mwaka 1954, hata leo ni chemchemi ya kwanza kwa kila achunguzaye habari za Wagogo kwa Kiswahili. Wasomaji wa jarida hili wanamjua zaidi kwa ushairi, na hasa kwa ngonjera, yaani mashairi ya kujibizana, ambamo msemaji mmoja hutoa hoja na mwingine akaipinga au akaikamilisha. Kitabu cha kwanza cha Ngonjera za UKUTA kilichapishwa mwaka 1970, mwaka mmoja baada ya Mnyampala kufariki. Sisemi ya kwamba ngonjera zimetoka katika ngoma za Ugogo, maana majibizano yamo pia katika ushairi wa pwani tangu kale. Nasema tu ya kwamba mshairi huyu, aliyelelewa mahali ambapo wimbo hauwi wimbo mpaka uitikiwe, hakuona taabu kuufanya ushairi wa Kiswahili usemwe na vinywa vingi.

Lugha nayo ina ushahidi wake. Kiswahili kina tabaka mbili za maneno ya kufa. Ya kwanza ni ya Kibantu: kufa, kifo, mfu, mzimu, kuzimu. Ya pili imetoka katika Kiarabu, nayo ndiyo iliyotawala katika tungo za dini: mauti, maiti, marehemu, akhera, na ajali, neno ambalo katika ushairi wa zamani ni saa ya kufa aliyoandikiwa mtu, ingawa leo watu wengi wakilisikia hufikiri habari za magari tu. Sasa na tulitazame neno Mungu. Wanafunzi wa lugha zetu wajua kuwa umbo lake la kale ni Mulungu. Sauti ya l ilidondoka katika Kiswahili, likawa Muungu, kisha Mungu. Katika Kiswahili wingi wake, yaani miungu, umekuwa neno la kutajia masanamu na waabudiwa wa uongo. Katika Kigogo l haikudondoka, na wingi wake, milungu, ni jina la roho za wazee waliokufa. Mtaalamu Peter Rigby, aliyekaa Ugogo akachunguza ukoo na ufugaji, na kitabu chake kikatoka mwaka 1969, amelieleza neno hili pamoja na matambiko yanayolihusu.

Tofauti hii si ndogo. Kwa msemaji wa Kiswahili, neno Mungu likitiwa katika wingi limekwisha kupotoka. Kwa msemaji wa Kigogo wa mila ya zamani, wingi huo ni jamaa zake mwenyewe: babu, bibi na waliowatangulia, ambao wangali wakisemeshwa, wakipewa pombe na wakiombwa mvua. Mfu hajawa kimya kabisa. Amehamia upande wa pili wa mazungumzo. Kwa hiyo katika lugha hii mtu akisema na waliokufa hasemi peke yake, bali aanzisha maneno akingojea jibu, hata kama jibu hilo litakuja kwa njia ya mawingu.

Tugeukie muziki. Wagogo wana aina nyingi za nyimbo, kila moja na wakati wake. Msunyunho ni wa kuimbwa kwa sauti nyingi, nao hufungamana na mvua na mavuno. Cipande ni nyimbo za jando. Muheme ni ngoma ya wanawake, ambao huzishika ngoma zenyewe kati ya mapaja wakazipiga kwa mikono, nayo ina mahali pake katika unyago. Katika vyombo, vilivyo mashuhuri ni zeze lenye kibuyu, lipigwalo kwa upinde, na ilimba, chombo cha vijiti vya chuma vilivyopangwa juu ya sanduku la mti na kubonyezwa kwa vidole gumba. Mafundi wa ilimba hutoboa matundu katika sanduku na kuyaziba kwa utando wa buibui, ili kila sauti ifuatwe na mvumo mwembamba kama wa nyuki.

Gerhard Kubik, mtaalamu wa muziki kutoka Austria, ameonyesha jambo moja ambalo lafaa kuzingatiwa na watu wa lugha pia. Uzi mmoja ukipigwa hutoa sauti yake ya msingi, na ndani ya sauti hiyo mna sauti nyingine ndogo, zipandazo moja juu ya nyingine kwa hesabu iliyo sawa. Wagogo wamejenga ngazi ya nyimbo zao juu ya sauti hizo ndogo, tangu ya nne hata ya tisa. Ndiyo sababu waimbaji wao wakiitikiana kwa sauti za juu na za chini hupatana bila ya kufundishwa na kinanda cha Kizungu. Kwa maneno mengine, hata uzi mmoja wa zeze, kwa sikio la Mgogo, hausemi peke yake.

Katika desturi hii ndimo alimozaliwa Hukwe Zawose, yapata mwaka 1938. Alijifunza ilimba, zeze, filimbi na ngoma, na kipawa chake kikubwa kuliko vyote kilikuwa koo, lililoweza kushuka hata mngurumo na kupanda hata sauti nyembamba ya mtoto. Baada ya Uhuru, Serikali ya Mwalimu Julius Nyerere iliunda mwaka 1962 wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, na wasanii wakaanza kukusanywa kutoka mikoani. Hukwe naye aliitwa na Mwalimu Nyerere aje Dar es Salaam, na mwishowe akafanya makao yake Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981. Hivyo muziki wa Ugogo ulihamishiwa pwani, ukapigwa mbele ya wageni wa serikali na katika nchi za ng'ambo, kwa jina la taifa zima.

Sahani iliyomtambulisha kwa wasikilizaji wa Ulaya ilitolewa London mwaka 1985 na kampuni ya Triple Earth, kwa jina la Tanzania Yetu. Baadaye zikaja nyingine, miongoni mwake Mateso, kisha Chibite ya mwaka 1996 na Mkuki wa Rocho ya mwaka 2002, hizi mbili zikitolewa na kampuni ya Real World ya mwanamuziki Peter Gabriel huko Uingereza. Mtu wa sarufi akiyasoma majina haya hawezi kuacha kuona jambo. Katika Tanzania Yetu mna kimilikishi cha wengi. Chibite ni neno la Kigogo, na maana yake ni «twende». Kiambishi chi- ndicho kama tu- yetu, kwa hiyo hapa pia watendaji ni wengi. Katika Mkuki wa Rocho wengi hao hawamo. Pana mkuki, na pana roho moja ya kuchomwa, hata kama jalada lililiandika neno roho kwa namna isiyo ya Kiswahili Sanifu. Mwaka mmoja na miezi kadhaa baadaye, tarehe 30 Desemba 2003, Hukwe Zawose alifariki Bagamoyo.

Yaweza kushawishi kusema kwamba msanii huyu alianza na nchi yake na akamaliza na nafsi yake, na ya kuwa sahani ile ya mwaka 2002 ilikuwa wasia wake, kama Mwana Kupona alivyoacha wasia wake. Sioni kuwa ni halali kujenga nyumba juu ya msingi huo. Jina la sahani huchaguliwa kwa ajili ya duka, na mchapishaji ana sauti yake katika jambo hilo. Zaidi ya hayo, Hukwe katika sahani zake hakuwa peke yake hata pale jina lake lilipoandikwa peke yake: mpwa wake Charles Zawose alikuwa kando yake kwa miaka mingi, na katika Chibite jamaa nzima iliimba. Mtu huyu alikuwa mwanzishaji wa nyimbo, na mwanzishaji bila waitikiaji ni kama mwenye kubisha hodi katika nyumba isiyo na watu.

Lakini sahani yenyewe ilileta mambo matatu mapya, nayo yanahusu mauti moja kwa moja. La kwanza ni jina. Katika ngoma ya kijiji mwanzishaji hodari hujulikana na kusifiwa, walakini wimbo si mali yake. Katika sahani jina moja huchapwa juu ya jalada, na wimbo ukawa wa mtu ambaye siku moja atakufa. La pili ni urefu. Wimbo wa ngoma hudumu kadiri watu wanavyoutaka, na mwanzishaji akichoka mwingine huupokea. Wimbo wa sahani una dakika zake, na ukifika mwisho umekatika. La tatu, na kwangu ndilo kubwa, ni kwamba msikilizaji wa sahani hawezi kuitikia. Aketiye London au Tokyo asikia mwito uliotolewa Bagamoyo kwa lugha ya Dodoma, naye hana neno la kujibu. Sahani humhifadhi mwanzishaji vizuri sana, lakini humhifadhi kama mfu asiyesemeshwa, jambo ambalo kwa fikira ya milungu ndilo kufa kwenyewe.

Kwa hiyo msiba wa mwaka 2003 ulikuwa mtihani. Charles naye alifariki mwaka 2004, na katika muda usiotimia miaka miwili muziki huu ulipoteza sauti zake mbili zilizojulikana zaidi ng'ambo. Kama wimbo ungalikuwa mali ya jina lililo juu ya jalada, habari ingalikwisha hapo. Haikwisha. Mwanawe Msafiri Zawose aliendelea kupiga na kutunga, akatoa sahani ya Uhamiaji mwaka 2017, ambamo ilimba na zeze zilichanganywa na mitambo ya kisasa. Kisha mwaka 2024 ilitoka sahani iliyo muhimu zaidi kwa hoja yangu: binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, kwa jina la The Zawose Queens, walitoa sahani yao ya kwanza, nao wakaiita Maisha.

Wanawake hawa hawakuwa wageni wa kazi hii. Kwa miaka mingi walikuwa katika kundi la jamaa, kwenye safu ya waitikiaji na ya ngoma za muheme, nyuma ya wanaume walioshika mbele. Kwa desturi ya sahani mtu wa safu ya nyuma hana jina. Kwa desturi ya ngoma yeye ndiye nusu ya wimbo, na kwa kuwa ameuitikia mwito mara elfu, aujua mwito wenyewe pia. Mwanzishaji alipoondoka, walioitikia waliweza kuanzisha. Hapo sahani ya Maisha yaonekana si mwanzo tu wa wasanii wawili, bali ni zamu yao katika mazungumzo ambayo Mkuki wa Rocho lilikuwa neno lake la awali. Miaka 22 ni kimya kirefu kati ya mwito na jibu. Walakini kwa watu wanaozungumza na babu zao si kirefu kupita kiasi.

Hapa ndipo tuwezapo kujibu swali la mwanzo. Sayyid Abdallah aliikabili mauti kwa kuusemesha moyo wake, na maandiko yakamhifadhi. Hata leo twaweza kumsoma kila mtu peke yake, na utungo ukabaki mzima. Muziki wa Ugogo haukuikabili mauti kwa njia hiyo, na sahani za santuri hazikuugeuza kuwa hivyo, ingawa zilielekea huko. Ulinzi wake dhidi ya kufa haumo katika sauti moja iliyohifadhiwa, bali katika idadi ya wale wawezao kuijibu. Nyimbo zilizopita Mtunya, wakati mmoja katika watano alipozikwa, zilipita kwa njia hiyo.

Sasa ulinzi huo una hatari nyingine, isiyo njaa. Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba Dodoma iwe makao makuu ya nchi, na tangu mwaka 2016 serikali imehamia huko kwa wingi. Mji umekua upesi, na Kiswahili ndicho lugha ya ofisi, ya shule, ya soko na ya majirani waliotoka kila mkoa. Sisi tulioutumikia ustawi wa Kiswahili hatuwezi kulia machozi kwa sababu kimestawi. Lakini wimbo wa Kigogo waweza kuimbwa kwa sauti zilizopatana vizuri na waitikiaji wasiojua maana ya wanachoitikia, na hapo kiitikio kitabaki koo tupu.

Zipo juhudi za kushukuriwa. Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 na vyombo vyake vya kunasa sauti, na waimbaji wa Ugogo wa wakati ule wangali wakisikika. Polo Vallejo wa Hispania amefanya kazi ya miaka mingi juu ya muziki wa Wagogo. Huko Chamwino, karibu na Dodoma, tangu mwaka 2009 hufanywa tamasha la muziki wa Kigogo, lililoanzishwa na mtaalamu mzaliwa wa nchi hiyo, Kedmon Mapana, na humo vikundi vya vijiji huimba mbele ya watu wao wenyewe. Kazi hizi nyingi ni za sauti na ngoma. Iliyobaki zaidi ni kazi ya maneno, nayo ni yetu.

Napendekeza, basi, kwamba mwanafunzi atakayeandika nyimbo hizi aziandike kwa Kigogo pamoja na alama za kupanda na kushuka kwa sauti, kisha aeleze maana yake kwa Kiswahili. Aandike wimbo uliimbwa katika tukio gani na nani aliyekuwapo. Na zaidi ya yote, asikifupishe kiitikio kwa kuandika «wote huitikia» na kupita, kama ilivyo katika daftari nyingi za zamani. Akiandike kila mara kinapotokea, na aulize kwa nini neno limebadilika mara ya tatu au ya nne. Aanze na wanawake wa muheme wenye umri mkubwa, kwa kuwa wao ndio walioitikia kuliko wote, na kwa kuwa jina la wengi wao halimo katika jalada lolote.